Shimo la Amafi Nyuma ya Jiko

Mwaka niliohitimu shule ya jioni nilikuwa mtu wa hatari. Ukipata cheti ukiwa na miaka arobaini na mvi tatu za kwanza, unatafuta kitu cha kupima. Nilipima meza. Nilipima mlango. Siku moja nilimpima mke wangu akiwa amejilaza mchana, akafumbua jicho moja na kuniuliza kama namtengenezea jeneza. Kwa hiyo mama yangu aliponipa sababu ya kuchimba bwawa nyuma ya jiko letu hapa Gitega, sikungoja kusukumwa. Futi kamba ilikuwa tayari mfukoni.

Sababu yenyewe ilikuwa hii. Mama alikuwa akiishi peke yake Butihinda, kule Muyinga, karibu sana na mpaka, kiasi kwamba jogoo wa Tanzania akiwika ni yeye anayeamka. Huko ng'ambo tuliishi ukimbizini miaka mingi, mimi nikaota ndevu zote huko. Siku ya kurudi nyumbani kila mtu alipakia kwenye lori alichokuwa nacho: mabati, milango, kuku, fremu za madirisha. Mama alitaka kupakia bwawa. Sitanii. Nyuma ya kibanda chetu cha kambini alikuwa amechimba bwawa la samaki kwa jembe lake mwenyewe, na samaki wake walikuwa wanene, mmoja akigeuka tu maji yanamwagika. Samaki karibu wote aliwagawia majirani. Wawili akawatia kwenye ndoo, akaipakata ndani ya lori. Hawakufika mpakani wakiwa hai. Kuanzia hapo mpaka Muyinga mama hakusema neno, na ukimfahamu mama, ni kama kuona maporomoko ya maji yamesimama.

Shamba tulilorudishiwa liko kwenye mteremko, na maji yako chini kabisa bondeni. Msimu mmoja wa mvua mama aliteleza akiwa na bidoni ya maji kichwani, akaumia nyonga. Jirani yake akanipigia simu, nikapanda gari kwenda. Nilimkuta kwenye mkeka, mguu juu ya gunia la maharage, anatoa amri kwa watu waliokuja kumpa pole.

Nikamwambia, "Mama, njoo ukae kwetu Gitega. Bomba liko mlangoni."

"Nikae nifanye nini? Niangalie ukuta?"

"Upumzike."

"Kupumzika ni kazi ya wafu. Kwako nimekuja mara mbili, mkeo ananipikia, ananifulia, ananitandikia. Hakuna kitu chochote pale kinachonihitaji. Hata kuku huna."

Ilikuwa kweli. Mara zote mbili aliondoka siku ya tatu, begi lake halijafunguliwa zipu.

"Sikiliza," akasema. "Siku utakayokuwa na bwawa lenye samaki, niite. Mvua za kwanza zikianza nitakuja kuangalia. Nikikuta maji, nakaa. Nikikuta maneno, gari la kesho yake linanirudisha hapa hapa, na usiniambie tena habari ya kuhama." Akawageukia wageni wake. "Huyu kambini alichimba choo kimoja tu maishani mwake. Kilibomoka kabla hatujakizindua."

Wageni wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nami nikaahidi mbele yao wote. Moyoni nilijua jambo moja: mteremko ule ungemwangusha tena, na mara ya pili pengine nisingepigiwa simu ya kuambiwa nyonga tu.

Nilianza kuchimba kiangazi kilipoingia. Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli karibu na soko, kwa hiyo nilichimba asubuhi kabla ya kufungua na jioni baada ya kufunga. Nilichora kwenye daftari langu la shule ya jioni: urefu mita tatu, upana mita mbili, kina mita moja. Kuta zimenyooka kwa kamba na pembe mraba, maana mwalimu wetu wa hesabu alisema pembe ikikosea hata kidogo jengo linamcheka fundi. Nikapiga hesabu, nikamwita mke wangu.

"Maji lita elfu sita," nikamwambia. "Bidoni mia tatu!"

Alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Hakuinua hata kichwa. "Na huyo mwalimu wako alisema nani atazibeba?"

Udongo wa Gitega mwekundu ule ni mgumu kama moyo wa mdai. Nilivunja mipini minne. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimezama kiasi kwamba, nikinyamaza, nilisikia watu wa upande wa pili wa dunia wakisalimiana. Basi, labda nilifika kiunoni. Lakini kiuno cha mtu mrefu.

Asubuhi moja jirani yetu mpya akachungulia juu ya ua wa minyaa. Alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, ametoka Uvira, hata miezi mitatu alikuwa hajaimaliza Gitega. Kirundi chake kilikuwa salamu ya amakuru na basi. Jiko lake lilikuwa upande wake wa ule ua, hatua nne kutoka shimo langu.

"Bonjour voisin! Jirani, unachimba nini?"

Hapa lazima nieleze ugonjwa wangu. Sisi tuliokulia Tanzania, tuliporudi tulichekwa kwa Kirundi chetu. Ukinunua nyanya sokoni, muuzaji anamnong'oneza mwenzake: huyu wa kutoka huko. Kwa hiyo nilikuwa na tabia ya kupachika neno la Kirundi katika kila sentensi, kama mtu anayegonga mhuri. Na kwa Kirundi, samaki ni amafi.

Nikajipangusa jasho, nikajibu kwa fahari: "Ni shimo la amafi, mama! Nataka yajae mpaka juu!"

Uso wake ukabadilika. Nilidhani ni wivu.

"Ya... mafi?"

"Amafi, ndiyo. Mengi! Mama yangu anakuja kutoka Muyinga kwa ajili hiyo tu."

"Anatoka Muyinga," akarudia polepole, "ju ya mafi."

"Alikuwa nayo kambini nyuma ya nyumba. Majirani wote walikula!"

Kichwa kikashuka nyuma ya minyaa, kisionekane tena.

Sasa, msomaji, kwa Kiswahili cha Uvira, mafi ni kile kitu ambacho mtu huingia chooni kukiacha. Na naomba unisamehe kwamba imebidi nikiandike kwenye ukurasa. Mimi sikujua. Niliendelea kuchimba huku napiga mluzi.

Kesho yake nyumbakumi wetu akaingia uani. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba zetu hizi, mzee mpole anayevaa koti hata jua likiwa la kuchoma mawe. Nyuma yake alikuwa jirani, kitenge amekifunga kwa vita, na nyuma ya jirani nusu ya mtaa. Ndiyo, naongeza chumvi. Theluthi moja.

Nyumbakumi akalizunguka shimo, akakohoa. "Bon. Muzee, we ni mutu alisoma. Kuchimba shimo ya namna hii karibu na jiko ya mutu, iko heshima hiyo?"

"Kuna ubaya gani? Ni amafi tu."

Jirani akalipuka. "Munasikia? Anasema tu! Voisin, mi napika wapi, weye? Watoto yangu watakula na harufu? Na shimo yenyewe haina hata mufuniko!"

"Kufunika ya nini? Yanahitaji jua!"

"Jua! Mungu wangu, anataka kuyaanika!"

"Mama, nitayalisha pumba, yatanenepa, na wewe nitakupa ya kwanza kabisa. Ukayakaange."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nyumbakumi alirudi nyuma hatua moja, akanitazama jinsi watu wanavyomtazama mtu aliyesoma kupita kiasi. Akaniambia kwa sauti ya taratibu kwamba shimo lifukiwe kabla ya Jumamosi, na kwamba angezungumza na familia yangu kuhusu mapumziko.

Lifukiwe! Mvua zilikuwa zimebaki wiki chache, na mama ni mtu wa neno lake. Nikaona mteremko wa Butihinda na bidoni inabingirika. Sijui ningesema nini kama mke wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, hangekuwa ameanza kutetemeka kwa kicheko. Yeye amewahi kuuza dagaa na Wakongo, anajua maneno yao.

"Samaki," akasema, machozi yanamtoka. "Mama, anasema samaki! Tilapia! Kwa Kirundi samaki ni amafi!"

Jirani akanitazama. Akatazama shimo. Kisha akaketi chini palepale juu ya rundo la udongo, na kicheko kilichomtoka, naapa, kilisikika hadi Bukirasazi. Kilemba kikamdondoka shimoni. Nyumbakumi, ambaye ni Mrundi halisi na alipaswa kuelewa tangu mwanzo, alijitetea kwamba yeye aliletewa kesi ikiwa tayari imetafsiriwa.

"Voisin," jirani akasema alipopata pumzi, "na ile ya kukaanga... mi nilisema leo nahama Gitega, nakwenda bila hata kufunga mlango!"

Tuliimaliza kesi kwa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, maana kesi inayoisha kwa midomo mikavu huwa haijaisha. Tangu siku ile jirani hakuniita tena kwa jina lolote lingine. "Bwana Mafi!" ananiita barabarani, mbele ya watu wenye heshima zao. "Bwana Mafi, ça va?"

Likabaki la kushika maji. Nilikwenda kwa mwenye duka mmoja karibu na soko, Mwislamu ambaye babu zake walitoka India na ambaye Kiswahili chake kinanifanya nijione mgeni wa lugha. Nikamwomba nailoni nyeusi nzito.

"Unafunika nini, ndugu?"

"Maji."

"Watu hufunika maji kwa juu. Wewe nailoni unaitaka ya chini." Akapima kwa mikono. "Haya. Chini ya nailoni umeweka mchanga? Mawe hayapendi nailoni."

Nilipaswa kujibu ndiyo au hapana. Badala yake nilimweleza jinsi ya kupata ujazo wa mchemraba. Alisikiliza kwa adabu yote, akakunja nailoni, akaniombea heri.

Jirani, kwa kulipa kosa, alirusha mpira wake wa maji juu ya minyaa kutoka bomba lake. Zile bidoni mia tatu ziliingia kuanzia asubuhi mpaka alasiri, mimi nimekaa kwenye kiti kama waziri. Maji yakafika ukingoni. Nikampigia mama simu saa ileile.

Na hapo ndipo ulimi wangu ulipochukua usukani. Nilitakiwa kusema maji yameingia. Nikasema samaki wameingia. Aliponiuliza wakubwa kiasi gani, nikasema kama mkono.

"Kiganja?"

"Mkono, mama. Mpaka kwenye kiwiko. Na vyura! Vyura wanapiga kelele mpaka mtaa mzima unalalamika!"

"Mh," akasema mama. Kisha simu ikakatika, kwa sababu mtandao Butihinda haupatikani mpaka upande juu ya kichuguu.

Niliamka nikaenda kusalimia bwawa langu. Halikuwepo. Shimo lilikuwepo, nailoni ilikuwepo, imelala chini imenyauka kama ngozi ya nyoka, na katikati kidimbwi ambacho hata shomoro angeoga miguu tu. Sikuhitaji kuuliza maji yamekwenda wapi, kwa sababu upande wa pili wa ua sauti ilikuwa tayari imeanza:

"Bwana Mafi! Kuya uone! Amafi yako imekuya yenyewe kwangu! Makala yangu ya kupikia yote inaogelea!"

Mawe hayapendi nailoni. Nilihesabu matundu kumi na moja, nikaacha. Nikajipa moyo: mvua bado, mama bado, nitapata nailoni nyingine, nitaweka mchanga. Nilikuwa chini shimoni saa nane mchana, nang'oa mawe kwa patasi ya mlango, niliposikia geti likifunguliwa na mke wangu akisema, kwa sauti nyembamba ambayo huitumia kwa wageni na majanga, "Karibu, mama!"

Mvua haikuwa imedondosha hata tone. Mama alikuwa amekuja kabla ya wakati, na gari la Muyinga, begi begani, na bunda kubwa la buluu limefungwa kamba kichwani. Alichechemea mpaka ukingoni, akaniangalia kutoka juu. Nilikuwa nimesimama ndani ya mstatili wenye kuta zilizonyooka, nimeshika patasi.

"Hili kaburi ni la nani?" akauliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Samaki wenye mikono wako wapi?"

Watu wanasema ukweli huweka mtu huru. Mimi nilimwambia wamesafiri.

Jirani alikuwa tayari amechungulia. Mama akamsalimia, akaniacha palepale nilipo, akazunguka shimo lote akilipima kwa nyayo. Mke wangu alileta kiti, hakukalia. Nami nilikuwa najua ratiba: leo amefika, kesho atapanda gari. Alikuwa amesema mbele ya watu. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa tayari ndani yake.

"Kina kirefu mno," akasema. "Samaki atakaa baridi chini. Kingo zimesimama, udongo utamomonyoka kama kile choo chako. Pembe za nini? Umewahi kuona samaki anakata kona?" Akamgeukia jirani. "Huyu mtoto alisoma usiku. Hakuona vizuri ubaoni."

Jirani alishika minyaa asianguke.

Kisha mama akashusha bunda, akafungua kamba. Ilikuwa shitingi. Shitingi yetu ya kambini, turubai lile la buluu lililokuwa paa letu, limepauka hadi karibu kuwa jeupe, limeshonwa viraka kwa uzi wa nailoni, na namba ya kibanda chetu bado imeandikwa pembeni kwa rangi nyeusi. Ndani yake alikuwa amefunga jembe. Jembe lake, bila mpini.

"Ulikuja na jembe?" nikauliza. "Nilikuambia bwawa limejaa!"

"Mwanangu, nimekulea. Ungeniambia samaki kama kidole, ningeamini, ningekuja na begi tu mvua zikianza. Uliposema kiwiko, nikajua kuna shimo kavu. Ulipofika kwa vyura nikatafuta jembe." Akanyoosha mkono. "Toka humo. Nitafutie mpini."

Kesho yake gari la Muyinga liliondoka. Mama hakuwemo. Alikuwa amesimama ndani ya shimo, kanga imekunjwa magotini, anaangusha kuta zangu zote za mraba ziwe mteremko laini. Tulileta udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni kwa baiskeli yangu, akautandaza, akatuamuru tuukanyage. Tulikanyaga mimi, mke wangu, jirani aliyekunja kitenge chake kizuri, na nyumbakumi, ambaye alipita kukagua akajikuta amevuliwa viatu. Koti hakuvua. Mama alikaa ukingoni, mguu mbaya ameunyoosha, anaimba na kupiga makofi, na anayechelewa mdundo anatajwa kwenye wimbo. Nilitajwa beti tisa.

Juu ya udongo mchanga, juu ya mchanga magunia, juu ya magunia nailoni yangu iliyozibwa matundu, juu kabisa shitingi.

"Miaka yote ile ilizuia maji yasiingie," mke wangu akasema akiinyoosha. "Sasa iyazuie yasitoke."

"Itajua," mama akajibu. "Haikuwa shitingi ya kijinga."

Jioni ya siku ya tatu jirani alirusha mpira wake tena. Niliona mama ameweka begi lake kwenye msumari nyuma ya mlango, zipu imefungwa.

"Nangoja nione kama yameshika," akasema.

Asubuhi yalikuwa palepale. Wiki nzima yakawa palepale, na namba ya kibanda chetu inasomeka chini ya maji, inacheza kidogo upepo ukipita. Mama akasema samaki watajua wanakaa nyumba namba ngapi. Begi bado msumarini.

"Nangoja samaki waje, wewe huwezi kuwachagua."

Nikaenda mpaka mabwawa ya bondeni Itaba, nikarudi na vifaranga vya tilapia ndani ya bidoni nyuma ya baiskeli. Njia nzima niliwasimulia habari za mama ili wasishtuke. Walipona kumi na wanne. Mvua zilipoanza, vyura walikuja wenyewe, bila mwaliko, na kelele zao zikawa zilezile nilizozitangaza. Kwa hiyo sikuwahi kusema uongo, nilitangulia tu. Mama alilalamika juu yao kila siku kwa furaha kubwa.

"Nangoja wazae," akasema. Begi msumarini.

Sikumwuliza tena. Niliogopa kuuliza, maana mama akiulizwa hujibu. Nilikuwa nikipita mlangoni natazama zipu.

Halafu asubuhi moja nilikuwa natoka kwenda kwenye baiskeli zangu, nikaona msumari mtupu. Nilizunguka nyumba mbio. Mama alikuwa bwawani, amekaa kwenye kigoda, begi miguuni, limefunguliwa wazi. Aliingiza mkono ndani, akatoa konzi ya pumba, akaitupa majini. Maji yakachemka kwa midomo. Begi lilikuwa limejaa pumba mpaka shingoni.

"Gunia linaliwa na panya," akasema bila kugeuka. "Hili lina zipu."

"Na nguo zako?"

"Mkeo amezipeleka kabatini. Umeamka kuniuliza nguo? Sogea, unawatia kivuli."

Kichwa kikatokea juu ya minyaa, kilemba kipya, cha njano.

"Mama wa Butihinda! Amafi imeamka vizuri?"

"Yameamka," mama akaita. "Mengine yanafika kiwiko!"

Hakuna hata mmoja aliyefika kidole. Nikasogea, nisiwatie kivuli.